Maswali ya Wasomaji kuhusu Afya: Mgonjwa Anayeuliza Si Mkorofi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna mgonjwa na jamaa zake, hapa kwetu Uganda, wanavyopaswa kuzungumza na wale wanaowatibu. Tumechagua tano. Majina ya walioandika tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 61 na ana presha. Alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, akapimwa, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Nilipomwuliza daktari amesema nini, alinijibu kwamba daktari alizungumza Kiingereza na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo alipokea dawa, akashukuru, akatoka. Sasa miguu yake inavimba kwenye vifundo, na jirani amemshauri aache dawa hizo. Je, aziache? Na tutamwulizaje daktari bila kuonekana tunamdharau? *(Mfanyabiashara wa nguo, Busia)*

Jibu: Dada yangu, mama asiache dawa kwa ushauri wa jirani, hata kama jirani huyo ana nia njema. Zipo dawa za presha, kama vile amlodipini na nifedipini, ambazo huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, na daktari akiarifiwa anaweza kupunguza kiasi au kumbadilishia. Lakini miguu huvimba pia kwa sababu ya moyo, figo au ini, na hakuna awezaye kutofautisha hayo kwa kutazama tu akiwa barazani. Mrudisheni kituoni pamoja na pakiti au bahasha ya dawa anazotumia. Ikiwa anakosa pumzi anapolala chali, au ni mguu mmoja tu uliovimba na unauma, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Wazee wetu wengi walilelewa kuamini kwamba kunyamaza mbele ya mtu mwenye elimu ni adabu. Adabu hiyo ni nzuri ukweni, lakini ndani ya chumba cha daktari inamnyima tabibu habari anazozihitaji, na inamrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na vidonge asivyojua ni vya nini. Daktari anayewaona wagonjwa wengi kwa asubuhi moja hana nafasi ya kukisia kilichomo moyoni mwa mama yako. Anachoweza kufanya ni kujibu anachoulizwa, na maswali hayahitaji kuwa mengi. Mama aulize ugonjwa wake unaitwaje. Kila dawa aliyopewa inaitwaje na inafanya kazi gani. Ataitumia hadi lini. Na ni dalili zipi zikimtokea arudi kabla ya tarehe aliyopangiwa. Swali la «hadi lini» lina uzito wa pekee kwa mwenye presha, kwa kuwa watu wengi humaliza pakiti ya kwanza, wakajisikia vizuri, wakadhani wamepona. Presha kwa kawaida haina maumivu yanayomkumbusha mtu kwamba bado ipo, na dawa zake kwa wengi ni za maisha.

Maswali hayo yaandikwe nyumbani, tena kwenye daftari lile lile la hospitali. Sote tunalifahamu: daftari la shule lenye kurasa chache, linalonunuliwa kwenye kibanda kando ya lango la kituo cha afya, ambalo musawo, yaani mhudumu wa afya, huandika ndani yake aliyoyaona, vipimo alivyoagiza na dawa alizotoa. Katika vituo vingi vya serikali, daftari hilo ndilo kumbukumbu pekee ya ugonjwa wako itakayofika mikononi mwa daktari wa pili. Hata hivyo, katika nyumba nyingi utalikuta mtoto amefanyia hesabu za kujumlisha kwenye kurasa za nyuma, au limepotea kabisa, na ziara inayofuata inaanza na daftari jipya kana kwamba mgonjwa amezaliwa jana. Liwekeni mahali pamoja na kadi za chanjo za watoto. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina la mama, magonjwa yake ya kudumu, dawa anazotumia sasa, na dawa yoyote iliyowahi kumletea upele au kumvimbisha uso. Kila anapopimwa presha, ombeni zile namba mbili ziandikwe pamoja na tarehe. Kipimo kimoja cha 140 kwa 90 hakimwambii daktari mengi. Mfululizo wa vipimo vya miezi kadhaa humwambia kama dawa inafanya kazi. Na kabla ya kupimwa, mama akae atulie kwa dakika tano, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, asiwe ametoka tu kushuka kwenye boda boda au kunywa kahawa.

Jifunzeni pia kusoma bahasha ya dawa. Musawo anapoandika 1×2, maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, na 2×3 ni vidonge viwili mara tatu. Nimewasikia watu wakiisoma 1×2 kuwa ni vidonge viwili kwa mkupuo mmoja. Kwenye daftari huenda mkakuta herufi: «od» ni mara moja kwa siku, «bd» ni mara mbili, na «tds» ni mara tatu. Mama akishaelezwa, arudie kwa maneno yake mwenyewe: «Kwa hiyo, daktari, hiki nitakunywa asubuhi tu, na hiki asubuhi na jioni. Ndivyo?» Sentensi hiyo haimdharau mtu, na mara nyingi ndipo kosa hugunduliwa.

Kuhusu lugha, ni kweli kwamba marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likalipa jambo hilo msukumo mpya mwaka 2022, ila chumba cha daktari hakibadiliki kwa siku moja. Mama aseme wazi tangu mwanzo kwamba Kiingereza hakielewi, na aombe muuguzi anayejua Kiswahili, Kisamia au Luganda. Mkiweza, nenda naye wewe mwenyewe. Msimtume mtoto kuwa mkalimani, maana yapo mambo ambayo mama hatayasema kupitia kinywa cha mjukuu.

Swali: Mke wangu anakaribia kujifungua. Kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu tumeambiwa tununue glavu, pamba, wembe na karatasi ya plastiki, na mhudumu mmoja ameomba pesa ya chai. Siku zote nasikia matibabu ya serikali ni bure. Ukweli ni upi? *(Mwanajeshi mstaafu, Gulu)*

Jibu: Ndugu yangu, umechanganya mambo mawili ambayo ni lazima tuyatenganishe. Ada za watumiaji katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Kwa hiyo kumwona musawo, kulazwa na kuzalishwa katika kituo chenu hakulipiwi. Lakini bure haimaanishi kwamba stoo imejaa. Vifaa hutoka Bohari ya Taifa ya Dawa kwa mizunguko, na vikiisha kabla ya mzunguko mwingine, mkunga hana glavu za kuvaa. Kuambiwa mapema kwamba vifaa vimekwisha, ili ununue kifurushi cha kujifungulia na kukiweka tayari, si wizi. Kinachopaswa kukushtua ni kuuziwa vifaa au dawa zilizopigwa mhuri wa serikali kwamba haziuzwi, au kudaiwa pesa isiyo na risiti.

Chai ni jambo jingine kabisa. Usiitoe, na usigombane usiku wa manane mlangoni mwa wodi ya wazazi mke wako akiwa na uchungu. Mwone mkuu wa kituo mchana, mapema, kabla ya siku yenyewe. Asiposikia, kila kituo kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wakazi wa eneo hilo ndani yake. Mwulize mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akutajie wajumbe, kwani wengi huishi miaka kumi jirani na mjumbe bila kumjua. Juu ya kamati yupo ofisa wa afya wa wilaya, na RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani, naye hupokea malalamiko ya namna hiyo. Andika tarehe, saa, kiasi ulichoombwa na maelezo ya aliyekiomba. Lalamiko lisilo na tarehe huishia kwenye kiti cha mapokezi.

Ila wewe hukuuliza swali ambalo mimi ningeliuliza kwanza: je, mke wako anafaa kujifungulia kituo cha ngazi ya tatu? Kituo cha ngazi ya pili ni cha parokia (si ya kanisa, bali eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) na hutibu wagonjwa wa nje. Cha ngazi ya tatu ni cha kata ndogo, nacho kina wodi ya wazazi na maabara. Cha ngazi ya nne ndicho kinachotakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Ikiwa mke wako aliwahi kupasuliwa, au amebeba pacha, au mtoto amekaa vibaya, au presha yake imepanda, mkunga amwandikie barua ya rufaa sasa, nanyi mpange usafiri na pesa yake sasa. Akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana na macho kuona ukungu, akipata degedege, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, msisubiri uchungu.

Ujue pia kwamba huombi hisani. Mwezi Agosti 2020 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2011 baada ya vifo vya wanawake waliokwenda kujifungua katika hospitali za serikali, iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kukiuka Katiba.

Swali: Nitajuaje kwamba duka la dawa ninalotumia ni halali, na dawa zake ni nzuri? *(Mwanafunzi, Arua)*

Jibu: Tazama ukutani kwanza. Leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, inatakiwa kuonekana, nayo iwe ya mwaka huu. Leseni iliyofifia ya mwaka juzi haikulindi. Fahamu tofauti kati ya duka la dawa na famasi: duka limeruhusiwa kuuza dawa ndogo zisizohitaji cheti cha daktari, ilhali famasi ina mfamasia anayewajibika. Duka linalokudunga sindano nyuma ya pazia limevuka mpaka, hata kama muuzaji ana mikono laini.

Halafu tazama pakiti: tarehe ya kuisha, namba ya toleo, jina la kiwanda. Kataa vidonge vilivyomwagwa kwenye karatasi ya gazeti bila jina. Usinunue nusu dozi ya antibiotiki kwa kuwa pesa haikutosha, na usikubali dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidoleni na dakika chache za kungoja, na homa nyingi zinazoitwa malaria si malaria. Mwisho, soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa la biashara. Panadol na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ile ile, na anayezimeza zote kwa pamoja, siku baada ya siku, anaweza kuliharibu ini lake.

Swali: Nina uvimbe kwenye kinena. Daktari wa hospitali moja ya binafsi amesema ni ngiri, nipasuliwe wiki hii, na nilipe nusu ya gharama leo. Ningependa kumwona daktari mwingine, lakini naogopa atakasirika. *(Fundi wa magari, Bombo)*

Jibu: Ndugu fundi, mteja wako akipeleka gari kwa fundi wa pili kabla ya kukubali injini ifunguliwe, utaudhika kidogo lakini utamwelewa. Mwili una haki zaidi ya hapo. Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009, inatambua wazi haki ya mgonjwa kutaka maoni ya daktari wa pili, kumjua anayemtibu kwa jina na cheo, na kuelezwa anachofanyiwa kabla ya kukubali. Daktari mzuri hatakasirika; atakuandikia maelezo uende nayo. Akikasirika, hiyo nayo ni habari ya kukusaidia kuamua.

Kwanza, hata hivyo, ni lazima ujue kama una muda. Ngiri inayotoka ukisimama na kurudi ukilala, bila maumivu makali, kwa kawaida inakupa nafasi ya kuuliza na kupanga, ingawa upasuaji bado ndio tiba yake, na mkanda wa kiunoni hauiponyi. Ngiri iliyokuwa ikirudi, na ghafla ikagoma kurudi, ikawa ngumu na yenye maumivu, ukaanza kutapika au tumbo likajaa na choo kikakatika, ni dharura. Utumbo uliobanwa hukosa damu na kuoza. Hapo usitafute daktari wa pili. Nenda kwenye hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji, ya serikali au ya binafsi. Hati hiyo hiyo inasema kwamba mgonjwa wa dharura ahudumiwe bila kudaiwa malipo ya awali. Najua mlinzi wa getini na mhasibu huenda hawajaisoma, kwa hiyo nenda na mtu wa kukusemea.

Ukiwa na muda, nenda kwa daktari wa pili na daftari na majibu ya vipimo, umwachie naye akupime mwenyewe kabla hujamwambia mwenzake amesema nini. Waulize wote wawili kitatokea nini ukingoja miezi mitatu. Uliza kama utapewa nusukaputi ya kulala kabisa au sindano ya mgongoni, nani hasa atakayekupasua, na lini utaruhusiwa kuinua injini. Kwa kazi yako swali hilo la mwisho ni pesa ya chakula. Omba gharama yote kwa maandishi, ikiwemo kitanda, dawa, vipimo na ziara za kubadilisha bandeji, kwa sababu bei inayotajwa mdomoni mara nyingi ni ya kisu tu. Linganisha na hospitali ya misheni na wodi ya serikali. Karatasi ya kukubali upasuaji usiitie sahihi ukiwa tayari umelala kwenye kitanda cha magurudumu. Iombe siku moja kabla, usomewe kwa lugha unayoielewa, na kila nafasi iliyoachwa wazi ijazwe mbele yako.

Swali: Mimi ni muuguzi. Ninaisoma safu yako, na naona unawafundisha wagonjwa kutugombeza. Mbona huwaambii kwamba nao hutuficha? Wanakunywa mitishamba wakakana, wanaazima daftari la ndugu, wengine wanaonyesha simu na kusema intaneti imeshawatibu. *(Soroti)*

Jibu: Dada muuguzi, una haki, na barua yako ndiyo iliyonifanya niyapange maswali haya jinsi nilivyoyapanga. Ile hati ya 2009 ina sura nzima ya wajibu wa mgonjwa: kusema kweli kuhusu historia yake, kufuata matibabu aliyoyakubali, kuwaheshimu wahudumu na wagonjwa wenzake. Anayeazima daftari la ndugu anajitafutia dozi ya ndugu. Kuhusu simu, ushauri wangu kwa wasomaji ni kwamba waitumie kuandaa maswali, si kuleta majibu. Na wanapoiamini tovuti, waangalie kwanza kama inauza kitu. Ukurasa unaotaja presha, kisukari na ugumba kuwa vinatibiwa na chupa moja hauhitaji daktari wa kuupinga.

Mitishamba ndipo penye hatari ya kweli. Sheria inaitambua tiba asilia tangu ilipopitishwa sheria yake mwaka 2019, na sidhani kuna nyumba katika nchi hii ambayo haijawahi kuchemsha mululuza, yale majani machungu ya dawa. Mtu hafichi kwa ubaya; anaficha kwa sababu mara ya mwisho aliposema, alifokewa mbele ya foleni nzima. Wakati huo huo, mama anayekunywa dawa ya kuharakisha uchungu, kisha akaongezewa dripu ya uchungu na mkunga asiyejua, anaweza kupasuka kizazi. Hapo aliyenyamaza na aliyefoka wote wamechangia.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji waseme walichokunywa, walikunywa lini na kiasi gani, kabla ya dawa yoyote kuandikwa, na asiyejua jina la mti alete gome au majani yenyewe kwenye mfuko. Nawe, dada, jaribu kuliuliza swali hilo kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, tena uliulize kana kwamba kila mtu hunywa: «Nyumbani umeshatumia dawa gani za kienyeji?» Ukiuliza «Je, umetumia?» wengi watasema hapana. Jibu utakalopata liandike kwenye daftari lake, ili musawo wa zamu ya usiku naye alikute.